Wati Tatu Zinatosha: Mwongozo Kamili wa Kuoanisha Amplifaya Ndogo ya Tyubu na Spika za Nyumbani

Amplifaya ya tyubu yenye wati 3 inaweza kujaza sebule mpaka jirani agonge ukuta. Ihamishie kwenye spika nyingine, sebule ile ile, wimbo ule ule, na huenda ngoma isifike hata kwenye kochi. Kilichobadilika ni spika tu. Kwa hiyo kazi hii huanzia kwenye spika. Anayenunua amplifaya kwanza ndipo aanze kusaka spika ni sawa na fundi aliyekata kitambaa kabla ya kupima mwili.

Hapa tunashughulika na amplifaya za wati 1.5 hadi kama 15, hasa zile zenye tyubu moja ya nguvu kwa kila upande. Aliyezoea sabufa zenye kibandiko cha P.M.P.O. wati elfu kumi itambidi asahau hesabu hiyo, kwani namba ile haina kanuni moja ya kuipima. Wati za tyubu ni wati za kweli, na katika usikilizaji wa kawaida wati ya kwanza peke yake ndiyo inayobeba karibu muziki wote. Zilizobaki ni za vilele: pigo la ngoma, tarumbeta linapoingia, mwimbaji anapopandisha sauti ghafla.

Vifaa vya kuandaa

Multimita inayopima volti za AC hadi desimali mbili. Simu yenye programu mbili, moja ya kupima desibeli na nyingine ya kutoa mlio wa hezi unazochagua. Rezista mbili za omu 8 zinazostahimili wati 10 kila moja, rezista moja ya omu 10 ya wati 5, waya mfupi wenye klipu, na futi ya kupimia chumba. Ukiweza kuazima amplifaya ya kawaida ya transista, iazime. Itasaidia kwenye vipimo viwili.

Usifungue boksi la amplifaya ya tyubu kwa ajili ya lolote lililo hapa. Ndani mna volti 250 hadi 450 za DC, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuzima na kuchomoa waya. Vipimo vyote vinafanyika nje, kwenye matundu ya spika.

Hatua ya kwanza: wati ulizonazo kweli

Jina la tyubu hukuambia mengi kabla hujasoma karatasi ya muuzaji. Kwa tyubu moja kila upande, tarajia takriban hivi:

45: wati 1.5 hadi 2
2A3: wati 3 hadi 3.5
EL84: wati 4 hadi 5 ikifanya kazi kama pentodi (tyubu ya elektrodi tano), kama 2 ikiungwa kama trayodi (elektrodi tatu)
6V6: wati 4 na kidogo
300B: wati 7 hadi 9
EL34: wati 5 au 6 kama trayodi, 8 hadi 10 kama pentodi

Jozi ya EL84 kwa mtindo wa pushi-puli, tyubu moja ikisukuma na mwenzake akivuta, hutoa wati 12 hadi 15. Hapo tayari uko ukingoni mwa mpaka wetu, na uchaguzi wa spika unakuwa mpana zaidi.

Ukiona mtu anatangaza tyubu moja ya EL84 yenye wati 12, kuna uongo au kuna tyubu nyingine iliyofichwa. Angalia pia wati zilipimwa sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Nyingi hupimwa kwenye asilimia 10. Ukishuka hadi asilimia 3, wati hupungua sana. Tena vipimo hivyo hufanywa kwa mlio wa hezi 1,000. Kwenye besi ya hezi 40, transfoma ndogo ya kutolea sauti hushiba sumaku mapema na hutoa sehemu tu ya wati zilizoandikwa. Uzito wa transfoma ndio ushahidi wa haraka: amplifaya ya 300B inayobebeka kwa mkono mmoja bila kuhema haina chuma cha kutosha.

Hatua ya pili: sauti unayotumia wewe

Watu wengi hudhani wanasikiliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyo. Cheza muziki wako wa kawaida kwa sauti uipendayo, keti mahali pako, pima kwa simu. Chagua mizani ya C badala ya A, kwa sababu A hupuuza besi. Programu za simu hukosea desibeli kadhaa, lakini kwa kazi hii zinatosha. Sebuleni wengi hukuta wastani wa desibeli 70 hadi 78. Vilele vya muziki uliobanwa studio, kama bongo fleva au pop ya kisasa, huzidi wastani kwa desibeli 8 hadi 12. Taarabu iliyorekodiwa moja kwa moja, jazi au okestra inaweza kuzidi kwa 15 hadi 20. Kwa hiyo anayesikiliza okestra kwa wastani wa 75 anahitaji nafasi ya kufika 95.

Kipimo cha pili ni sahihi zaidi, ila kinahitaji amplifaya ya transista na spika unazofikiria kuzitumia. Zima vikorombwezo vyote vya besi na treble. Cheza wimbo wako mkali zaidi, pandisha volyumu mpaka mwisho wa unapowahi kufika, kisha usiiguse tena. Simamisha muziki, chomoa spika, na kupitia kifaa kile kile cheza faili ya mlio wa hezi 120 iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele cha dijitali, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho faili inaweza kubeba. Pima volti za AC kwenye matundu ya spika. Zidisha kwa 4, maana desibeli 12 ni mara nne ya volti. Zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawa kwa omu za spika. Mfano: umepata volti 1.3. Mara 4 ni 5.2, 5.2 mara 5.2 ni 27. Gawa kwa 8, unapata wati 3.4. Hizo ndizo wati ambazo wimbo ule unazihitaji kwenye vilele vyake, hata kama amplifaya yako imeandikwa wati 100.

Usijaribu kuchomoa spika hivyo kwenye amplifaya ya tyubu. Tyubu ikipelekewa mlio mkubwa bila mzigo, volti hurundikana kwenye transfoma ya kutolea sauti na zinaweza kutoboa insulesheni yake. Transfoma hiyo ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote.

Hatua ya tatu: hesabu ya usikivu

Usikivu wa spika ni desibeli inazotoa umbali wa mita 1 ikipewa wati 1. Kila wati zikiongezeka maradufu unapata desibeli 3. Ukizidisha mara kumi unapata 10, na sikio husikia hiyo kama sauti mara mbili tu. Geuza wati zako ziwe desibeli: wati 2 ni 3, wati 3.5 ni 5.4, wati 5 ni 7, wati 8 ni 9, wati 15 ni karibu 12.

Sasa ondoa umbali. Uwanjani, kutoka mita 1 hadi mita 3 ungepoteza desibeli 9.5. Sebuleni kuta hurudisha sehemu ya sauti, hivyo hesabu hasara ya 6. Spika ya pili inakurudishia 3. Jumla, kwa kiti cha mita 3, ondoa 3.

Spika ya desibeli 92 na 2A3 ya wati 3.5: 92 + 5.4 − 3, unapata vilele vya 94. Inatosha kwa karibu kila kitu isipokuwa okestra kubwa na sherehe. Spika ya 86 kwa amplifaya hiyo hiyo: 88. Ukitaka nafasi ya desibeli 18 kwa vilele, wastani wako hauwezi kuzidi 70, yaani muziki wa kusindikiza mazungumzo ya chakula. Spika ya 96 na 300B ya wati 8: 102, na hapo unaanza kufikiria masikio.

Kwa lengo la vilele vya 95 kwenye mita 3, basi, 45 inadai spika ya desibeli 96, 2A3 inadai 93, EL84 moja inadai 91, na 300B inadai 89. Chukua hizo kuwa sakafu, na ongeza 2 au 3 ukipata, kwani tyubu hupendeza zaidi ikifanya kazi mbali na kikomo chake.

Mtego uko kwenye karatasi ya spika. Watengenezaji wengi siku hizi hawaandiki "wati 1" bali "volti 2.83". Kwenye omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwenye omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 90 kwa volti 2.83 ni spika ya 87 kwa hesabu yetu. Mtego wa pili: wengine hupima ndani ya chumba, ambako kuta huongeza desibeli 3 au 4, badala ya kupima pasipo mwangwi. Palipo na kipimo huru, amini hicho kuliko tangazo.

Kwa nini spika ndogo za kisasa hazifai

Tyubu ya 300A ya Western Electric ilitoka mwaka 1933 na 300B ikaifuata 1938, na zilitumika kwenye sinema. Wati chache zilihudumia watu mamia kwa sababu nyuma ya pazia kulikuwa na honi kubwa kuliko kabati. Mwaka 1954 Edgar Villchur na kampuni ya Acoustic Research walitoa AR-1, spika ndogo iliyofungwa pande zote ikitumia hewa ya ndani kama springi. Ilishuka chini sana kwenye besi, na ililipa kwa usikivu. Muda mfupi baadaye wati za transista zikawa rahisi, na hakuna aliyelalamika tena.

Sheria iliyo nyuma ya jambo hilo inaitwa Sheria ya Chuma ya Hofmann: boksi dogo, besi ya chini, usikivu mkubwa, chagua viwili. Anayekuahidi vyote vitatu anakuuzia maneno. Spika maarufu ya BBC, LS3/5A, ina impidansi (ukinzani wa spika kwa umeme wa sauti) ya omu 15 inayoipendeza tyubu, lakini usikivu wake ni desibeli kama 83. Iweke kwenye meza ya kazi, ikae mita moja na nusu kutoka sikioni, na amplifaya ya wati 12 itaimudu. Kwenye ukumbi wenye 2A3 itanong'ona.

Hatua ya nne: impidansi, ambayo wengi huiruka

Mtu ananunua spika ya desibeli 93, hesabu zote zinakubali, anaunganisha, na sauti inatoka ya ajabu: besi inavuma, waimbaji wamesogezwa mbele au wamezama. Usikivu hauna kosa hapo. Kosa liko kwenye umbo la impidansi.

"Omu 8" nyuma ya spika ni jina tu. Spika halisi inaweza kuwa omu 5 kwenye hezi 150, omu 30 kwenye hezi 55, na omu 18 kwenye hezi 2,000 ambako krosova, saketi inayogawa sauti, hupokezana kati ya wufa ya sauti za chini na twita ya sauti za juu. Amplifaya ya transista haijali, kwa kuwa omu zake za ndani ni kama 0.1 au pungufu. Amplifaya ya trayodi isiyo na mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa nyuma ili kusahihisha makosa) ina omu 2 hadi 3 za ndani. Omu hizo zinakaa kwenye foleni moja na spika na kugawana nayo volti.

Chukua omu 2.5 za ndani. Pale spika ilipo omu 5, inapata 5 kwa 7.5 ya volti, yaani imeshuka desibeli 3.5. Pale ilipo omu 30 inapata 30 kwa 32.5, imeshuka 0.7 tu. Tofauti ni desibeli 2.8, na inaandikwa juu ya kila wimbo utakaocheza. Kwa transista tofauti hiyo isingefika hata 0.2. Kwa maneno mengine, amplifaya ya tyubu huchora sura ya impidansi ya spika ndani ya muziki. Spika yenye mstari wa impidansi ulio tambarare, hata kama ni wa juu, itatoka salama. Yenye milima na mabonde itabadilika tabia.

Pima mwenyewe. Unganisha amplifaya ya transista na spika, ukiweka rezista ya omu 10 njiani kwenye waya mmoja. Cheza milio kwa sauti ndogo: hezi 20, 30, 40, 50, 60, 80, 100, 150, 200, 300, 500, 800, 1,000, 2,000, 3,000, 5,000. Kwa kila mlio pima volti za spika, kisha volti za rezista. Omu za spika ni 10 mara volti za spika gawa kwa volti za rezista. Multimita za bei ndogo hudanganya milio inapopanda juu, lakini hapa unagawa namba mbili za mita moja kwenye mlio mmoja, hivyo uongo wake unajifuta kwa sehemu kubwa. Chora kwenye karatasi ya grafu. Saa moja ya kazi hii ina thamani kuliko kusoma sifa za spika wiki nzima.

Unachotafuta: pasiwe na mahali panaposhuka chini ya omu 6 kwa tundu la omu 8, na kuanzia hezi 150 kwenda juu kilele kisizidi bonde zaidi ya mara mbili. Milima ya besi huvumilika zaidi. Boksi lililofungwa lina mlima mmoja, lenye tundu la besi lina miwili yenye bonde katikati.

Omu za ndani za amplifaya yako nazo zinapimika. Badala ya spika funga rezista mbili za omu 8 zikifuatana, yaani omu 16. Cheza mlio wa hezi 200 mpaka usome kama volti 1.2. Bila kugusa volyumu, zima, ondoa rezista moja ibaki omu 8, washa, soma tena. Mfano: 1.21 kisha 1.07. Tofauti ni 0.14. Mkondo wa pili ni 1.07 kwa 8, yaani 0.134, wa kwanza ni 1.21 kwa 16, yaani 0.076, tofauti yake ni 0.058. Gawa 0.14 kwa 0.058: omu 2.4.

Breki ya koni

Omu hizo hizo za ndani ndizo zinazoamua kama besi itasimama pigo likiisha. Koni ikitaka kuendelea kucheza, koili yake huzalisha umeme unaorudi kwenye amplifaya. Njia ikiwa na omu chache, umeme huo unaizuia koni kama breki. Zikiwa nyingi, koni inateleza.

Wanaojenga spika wanaweza kuihesabu kwa namba za Q za wufa: Qes ni ya breki ya umeme, Qms ya breki ya mitambo, Qts ya zote kwa pamoja, na namba ikiwa kubwa breki ni dhaifu. Wufa ina omu 6 za DC, Qes 0.40 na Qms 5, hivyo Qts yake ni 0.37. Kwenye omu 2.5 za ndani, Qes inazidishwa kwa 8.5 gawa kwa 6 na kuwa 0.57, na Qts inapanda hadi 0.51. Boksi lenye tundu la besi lililopigiwa hesabu kwa 0.37 sasa litavuma. Kwa sababu hiyo wufa zenye sumaku kubwa na Qts ya 0.2 hadi 0.3, ambazo kwenye transista hulalamikiwa kwa besi nyembamba, hukaa vizuri sana na tyubu.

Ukiwa na spika iliyokwisha jengwa na inavuma, jaza tundu lake la besi soksi au sponji, kidogo kidogo, ukisikiliza. Kupanda kwa impidansi kwenye milio ya juu ya wufa kunatulizwa na rezista na kapasita zilizofuatana, zikiungwa sambamba na wufa. Rezista iwe mara 1.25 ya omu za DC. Kapasita iwe induktansi ya koili gawa kwa mraba wa rezista hiyo. Kwa omu 6 na milihenri 0.5 unapata omu 7.5 na mikrofaradi kama 9. Mlima wa krosova kwenye hezi 2,000 unahitaji rezista, kapasita na koili kwa pamoja, na thamani zake hutoka kwenye ile grafu uliyochora.

Tundu la 4, 8 au 16?

Anza na tundu la amplifaya lenye omu zilizoandikwa kwenye spika, kisha jaribu la chini yake. Transfoma yenye omu 5,000 upande wa tyubu kwa 8 upande wa spika ikifungwa spika ya omu 4 kwenye tundu la 8, tyubu inaona 2,500: inafanya kazi ngumu na sauti inaharibika mapema. Ukifanya kinyume, spika ya omu 8 kwenye tundu la 4, tyubu inaona 10,000. Trayodi inapoteza wati kiasi lakini sauti inasafishika na breki inakaza, kwa sababu omu za ndani za tundu la 4 ni kama nusu ya zile za tundu la 8. Kwenye spika ya desibeli 97 huo ni ubadilishanaji mzuri. Pentodi hazipendi sana mzigo wa juu hivyo, kwa hiyo sikiliza kabla ya kuamua.

Spika za kutafuta

Za honi ndizo zinazoongoza kwa usikivu. Klipsch Heresy, iliyoanza 1957, katika matoleo yake ya karibuni huandikwa desibeli 99; Cornwall IV ni 102. Punguza kidogo kwa mtego wa kupimia chumbani tuliousema, bado zinabaki nyingi. Sauti zake hurushwa mbele, na chumba chenye vigae na kuta tupu kitazifanya zikate masikio. Zulia na pazia nzito si mapambo hapo.

Za koni moja bila krosova, kama Fostex na Lowther, hazina kinachokula wati njiani. Fostex FE206En ya inchi 8 ni 96. Kasoro yake ni kwamba ubao wa mbele ukiwa mwembamba, sauti za chini huzunguka nyuma ya boksi na usikivu hupungua kwa kiasi cha hadi desibeli 6. Kwa ubao wa sentimita 25 mteremko hufika katikati, desibeli 3, maeneo ya hezi 460. Ziweke karibu na ukuta.

Kundi la tatu, ambalo sisi tunalipendekeza kwa wengi, ni njia mbili zenye wufa ya karatasi ya inchi 10 au 12 na krosova nyepesi. DeVore Orangutan O/96 ni mfano wa bei ya juu: wufa ya inchi 10, desibeli 96, omu 10.

Na hapa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zinaingia. Wufa za sherehe za inchi 12 zenye desibeli 95 na zaidi zimejaa madukani, na ni malighafi nzuri kwa mwenye fundi seremala. Usiamini namba ya kibandiko. Pima omu za DC: ya omu 8 isome 5.5 hadi 6.5. Sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili kwa usawa, ikikwaruza, iache. Twita ya honi ya desibeli 105 kwenye wufa ya 96 ishushwe kwa 9: kwa twita ya omu 8, rezista ya 5.1 ifuatane nayo na ya 4.3 iwe sambamba nayo. Punguza twita siku zote, kamwe usipunguze wufa, kwani wati za wufa ndizo huna. Twita za piezo hufanana na kapasita mbele ya amplifaya na zinaweza kuifanya yenye mrejesho iyumbe. Zipe rezista ya omu 22 hadi 47 njiani.

Epuka spika za rafuni za desibeli 84 zenye omu 4, na minara ya wufa nne na krosova nzito, hata kama imeandikwa 92.

Ukibanwa na besi

Vuta kiti kutoka mita 3 hadi mita 2: umepata desibeli 2 hadi 3, karibu sawa na kuongeza wati maradufu, bila gharama yoyote. Sogeza spika karibu na ukuta au kona, besi inapanda tena.

Zaidi ya hapo, tumia sabufa yenye amplifaya yake na uiondolee tyubu mzigo wa chini kabisa. Weka kapasita ndogo kwenye waya wa kuingizia amplifaya. Kama mlango wake ni kilo-omu 100, nanofaradi 22 itaanza kukata kwenye hezi 72. Sabufa ipate ishara yake kabla ya kapasita hiyo, la sivyo nayo itakatiwa besi. Ghafla wati 3 zitaonekana kama 6.

Dalili na chanzo chake

Sauti ikinenepa na vyombo kusongamana unapopandisha volyumu, wati zimeisha. Tyubu haipasui sauti kama transista. Hujaa taratibu, ndiyo maana wengi hukaa miaka wakidhani ndiyo "utamu wa tyubu". Upande mmoja ukiwa mdogo, zima, acha ipoe, badilisha tyubu kushoto kwa kulia; kasoro ikihama, ni tyubu, isipohama ni waya, spika au amplifaya.

Mvumo ni adhabu ya spika zenye usikivu. Milivolti 1 ya mvumo kwenye spika ya desibeli 98 ni kama desibeli 29 kwa mita 1, haisikiki sana. Milivolti 5 ni 43, utaisikia kwenye kiti usiku. Pima kwenye matundu ya spika bila muziki kabla ya kununua, kwa multimita yenye mizani ya milivolti. Mvumo wa hezi 50 kwenye 2A3 au 300B mara nyingi hutoka kwenye nyuzi za moto zinazopasha tyubu, na amplifaya nyingi zina skrubu ndogo ya kuupunguza. Wa hezi 100 hutoka kwenye kapasita za umeme zilizochoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mwisho ni umeme wa ukutani. Amplifaya iliyotoka Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Tanzania ni 230 na Kenya 240, zote hezi 50. Transfoma ya kushushia iwe na uwezo angalau mara moja na nusu ya wati inazokula amplifaya, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee itachemka zaidi kwenye 50. Nyuzi za moto za tyubu kwa kawaida huvumilia volti zikipanda au kushuka asilimia 10. Zaidi ya hapo uhai wake unafupika na wati zinabadilika. Pima volti za soketi asubuhi na tena saa mbili usiku, siku tatu mfululizo, kabla ya kuamua kama unahitaji stebilaiza.